Kifusi kimekaa? Safari ya ghuba ya Osaka na ufa wa madrasa yetu

Ndege inapokaribia kutua Kansai, abiria aliyekaa dirishani haoni nchi kavu. Huona bahari, kisha bahari iliyo karibu zaidi, kisha povu la mawimbi, na pale moyo unapoanza kuingiwa na wasiwasi, magurudumu hugusa lami. Kiwanja chote kimo baharini, yapata kilomita 5 kutoka pwani ya Osaka nchini Japani, juu ya visiwa viwili vilivyotengenezwa kwa mikono ya wanadamu.

Tulikwenda huko watu wawili, kwa shughuli ya magari yaliyotumika ambayo wasomaji wetu wengi wanaifahamu. Lakini sisi ni wajumbe pia wa kamati ya ujenzi ya msikiti wa mtaa wetu jijini Dar es Salaam, na tulikuwa tumebeba mzigo mwingine usiopimwa kwenye mizani ya uwanja wa ndege. Tulikuwa tunawaza habari ya ufa.

Madrasa yetu iko ukingoni mwa mkono wa bahari, mahali palipokuwa na mikoko hapo zamani. Familia moja ilitoa kiwanja hicho wakfu. Tulikijaza kifusi kwa malori, tukasubiri masika moja ipite, tukajenga chumba cha kwanza cha darasa. Hatukuchimba shimo hata moja kutazama kilichokuwa chini. Uamuzi ule ulikuwa wetu, na lawama yake hatumtupii mtu mwingine. Mwaka wa pili ukuta wa kusini ulianza kuachana na ukuta wa mashariki. Watoto wakapata mahali pa kuhifadhia penseli zao ndani ya ufa. Mwaka wa tatu binti mdogo wa Juzuu Amma aliingiza mkono mzima humo akitafuta penseli yake, na siku hiyohiyo Maalim aliwatoa wote nje. Tangu hapo wanasoma barazani, na mvua ikinyesha hawasomi.

Kisha akatokea mfadhili aliyeahidi fedha za jengo jipya la ghorofa moja, kwa sharti kwamba msingi uwe umesimama kabla ya Ramadhani. Kamati ikagawanyika. Vijana walitaka kuanza mara moja. Maalim, ambaye si mtu wa maneno mengi, alituuliza swali moja tu: "Wanangu, kifusi kimekaa?"

Mmoja wetu akajibu, "Maalim, kina miaka mitano sasa."

"Sikuuliza kina miaka mingapi. Nimeuliza kama kimekaa."

Hatukuwa na jibu. Tulisafiri na swali hilo.

Kisiwa kinachodidimia

Tulipomaliza taratibu za uhamiaji tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, katika chumba cha kusalia kilicho ndani ya jengo la abiria. Ni chumba safi na kimya. Baadaye tulielewa ya kuwa mahali palepale tulipoweka vipaji vyetu pamekuwa pakishuka tangu siku ya kwanza, na pangali vinashuka hadi leo.

Wajapani hawakuingia baharini kwa kupenda maajabu. Uwanja wa zamani wa Osaka, ulioko Itami, umezungukwa na nyumba za watu, na wakazi walilalamikia kelele za ndege kwa miaka mingi. Baharini hakuna jirani wa kuamshwa usiku. Ujenzi ulianza mwaka 1987, na uwanja ukafunguliwa tarehe 4 Septemba 1994.

Tatizo lilikuwa sakafu ya bahari. Maji yana kina cha takriban mita 18. Chini ya maji kuna tope laini la mfinyanzi lenye unene wa mita 20 hivi. Chini ya tope hilo kuna matabaka ya mfinyanzi wa kale zaidi, yaliyopishana na matabaka ya mchanga, yakiteremka kwa mamia ya mita. Juu ya vitu hivyo palimwagwa mawe na udongo wa kadiri ya mita za ujazo milioni 180, katika eneo la hekta 510. Msomaji akigawanya atapata rundo lenye kimo cha mita 35 hivi, na ndani ya kimo hicho imo sehemu iliyokwisha kuzama chini ya usawa wa zamani wa sakafu ya bahari.

Mama zetu wanaijua elimu hii ingawa hawaiiti hivyo. Nazi iliyokunwa ikitiwa katika kifumbu na kukamuliwa, haipungui kwa sababu chembe za nazi zimesagika. Hupungua kwa sababu tui limetoka. Na tui halitoki kwa mara moja. Mkono ukikaza, mwanzoni ni tui lenyewe linalobeba nguvu ya mkono, na kadiri linavyotiririka, nguvu huhamia kwenye machicha. Ndivyo ulivyo mfinyanzi uliojaa maji. Mzigo ukiwekwa juu yake, maji yaliyofungika kati ya chembe hupokea uzito kwanza. Yanapopenya na kuondoka, chembe husogeleana, tabaka hupungua unene, na kila kilicho juu hushuka. Tofauti ni kwamba vijia vya maji ndani ya mfinyanzi ni vyembamba mno, hata kazi ambayo kifumbu huimaliza kwa dakika moja, tope huifanya kwa miaka.

Kanuni ya muda wake ni ya kutisha kidogo. Njia ambayo maji hupaswa kuipita ikiongezeka maradufu, muda huongezeka mara nne. Ikiongezeka mara kumi, muda huongezeka mara mia. Kwa hiyo miaka pekee haisemi lolote. Kifusi cha miaka mitano juu ya tope la nusu mita huenda kimekwisha kutulia zamani, na kifusi cha miaka hamsini juu ya tope la mita 20 huenda kingali safarini. Tulipoielewa kanuni hiyo tulitazamana, kwa sababu tulimwona Maalim mbele yetu akituuliza tena.

Wajapani waliitumia kanuni hiyohiyo kwa manufaa yao. Kama njia ndefu huchelewesha, basi ifupishwe. Kabla ya kumwaga mawe walitandika mchanga juu ya tope, kisha wakazamisha ndani yake nguzo za mchanga yapata milioni moja, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 40, zikiachana mita 2 na nusu. Nguzo hizo hazikuwekwa ili zibebe jengo. Ni mifereji iliyosimama wima. Tone la maji lililopaswa kupanda mita 10 ndani ya mfinyanzi sasa lilikwenda upande, mita moja na kitu, likaingia kwenye mchanga na kupanda bila kizuizi. Tope la juu likamaliza sehemu kubwa ya kushuka kwake mapema, kabla hata abiria wa kwanza hajafika.

Lakini matabaka ya kale yaliyo chini zaidi hayakufikiwa na mifereji hiyo. Uzito wa kisiwa uliyafikia, nayo yakaanza kukamuka kwa mwendo wao wenyewe. Mchanga uliopishana nayo haukuyaondoa maji kwa wepesi uliotarajiwa, na kisiwa kikazama kupita makadirio ya mwanzo. Mwaka kilipofunguliwa kilikuwa kinashuka kwa sentimita 50 hivi kwa mwaka. Sasa ni kama sentimita 6. Kwa jumla, tangu ujenzi uanze, kisiwa cha kwanza kimeshuka zaidi ya mita 13. Kisiwa cha pili, ambacho njia yake ya ndege ilifunguliwa mwaka 2007, kimeshuka zaidi ya mita 17, na kingali kinashuka kwa kadiri ya sentimita 20 kila mwaka.

Kilichotuvutia zaidi ya kina hicho ni adabu yao ya kupima. Kisiwa cha kwanza kina vituo 17 vinavyopimwa daima, na matokeo hutangazwa kwa watu wote. Jengo la abiria, lililosanifiwa na Renzo Piano, lina urefu wa kilomita 1.7 na limesimama juu ya nguzo zipatazo 900, na nguzo hizo zina mahali pa kuwekea jeki. Sehemu moja ikishuka kuliko jirani yake, nguzo huinuliwa kidogo na vipande vya chuma hupachikwa chini yake. Hapo tulijifunza jambo ambalo fundi wetu hakutuambia: kinachopasua ukuta si kushuka, ni kushuka kwa kutolingana. Jengo zima likiteremka pamoja, wakazi hawatajua. Kona moja ikitangulia, ukuta hufunguka.

Hata hivyo kushuka kwenyewe kuna gharama yake. Tarehe 4 Septemba 2018, miaka 24 kamili tangu kufunguliwa, kimbunga Jebi kiliisukuma bahari juu ya kisiwa. Maji yalifunika njia ya ndege, meli ya mafuta iliyoburuta nanga ikagonga daraja, na maelfu ya watu wakakwama usiku kucha. Baada ya msiba huo kuta za kuizuia bahari ziliinuliwa tena. Aliyejenga juu ya tope amefunga mkataba wa kulitunza jengo lake siku zote, na mkataba huo hurithiwa na watoto.

Kuelekea Kobe kwa mashua

Ili kwenda Kobe tuliacha gari moshi tukachukua mashua iendayo kasi, ambayo hukata ghuba kwa nusu saa hivi. Ilitushusha penye uwanja wa ndege wa Kobe, ambao nao uko juu ya kisiwa cha kutengenezwa. Kutoka hapo treni ndogo isiyo na dereva ilitupitisha katika kisiwa kingine cha namna hiyo, Port Island, ambacho ujazaji wake ulianza mwaka 1966. Milima ya Rokko iliyo nyuma ya mji ndiyo iliyochimbwa na kushushwa baharini.

Sisi watu wa pwani hatuna sababu ya kudhani kwamba mambo haya ni ya Wajapani peke yao. Kule Zanzibar, Mji Mkongwe na Ng'ambo vilikuwa vimetengwa na mkono wa bahari, nao ukajazwa kidogo kidogo mpaka maji yakatoweka. Daraja halipo tena, lakini sokoni pangali panaitwa Darajani.

Port Island ilitupa fundisho la aina nyingine. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995 tetemeko kubwa liliipiga Kobe, na watu zaidi ya 6,400 walifariki katika mji huo na jirani zake. Kisiwani, kifusi kilichoshiba maji kilitikiswa mpaka kikawa kama uji. Mchanga na maji vilifoka kutoka ardhini, kuta za gati zikasogea kuelekea baharini, na uso wa kisiwa ukashuka kwa wastani wa takriban nusu mita. Majengo yaliyokuwa juu ya nguzo ndefu zilizofika kwenye ardhi ngumu yalibaki juu, na ardhi ikashuka kandokando yake, hata ngazi za milangoni zikaning'inia.

Haya ni maradhi mawili tofauti, na ni vyema msomaji asiyachanganye. Mfinyanzi hukamuka polepole kwa uzito, miaka nenda miaka rudi. Mchanga mlegevu uliojaa maji huweza kukaa kimya miaka mingi, kisha ukalegea kwa sekunde chache ardhi inapotikiswa. Kifusi cha kubahatisha, kilichomwagwa bila kushindiliwa juu ya tope, kinaweza kuwa na maradhi yote mawili. Penye bandari, katika bustani ya Meriken, wameacha kipande cha gati kama kilivyovunjika siku ile, na nguzo za taa zilizoinama hazijanyooshwa. Tulisimama hapo muda mrefu. Watu wa mji huo wameamua kwamba ufa nao unafaa kuhifadhiwa, ili watoto wauone.

Kutoka kituo cha Sannomiya tulipanda mteremko kwa miguu hadi msikiti wa Kobe, uliofunguliwa mwaka 1935, wa kwanza kujengwa nchini Japani. Mabomu ya mwaka 1945 yaliuacha umesimama, na tetemeko la mwaka 1995 vilevile. Una kuta nene za zege, minara miwili na kuba, na umeketi chini ya milima, mbali na ardhi iliyojazwa. Hatusemi kwamba ardhi imara pekee ndiyo iliyouokoa, maana nyumba nyingi za mbao katika mji huohuo zilianguka juu ya ardhi ambayo haikuwahi kuwa bahari. Mwenye kuhifadhi ni Allah. Lakini tulipokuwa tumeketi humo tulikumbuka aya ya 109 ya Suratut Tawba, yenye mfano wa jengo lililowekwa ukingoni mwa ardhi inayomomonyoka. Tumeisoma mara nyingi kama mfano wa nia za watu, na ndivyo ilivyo. Siku ile tuliisikia pia kama watu wenye kiwanja.

Mwalimu wa Istanbul

Elimu ya kupima jambo hili ilianzia katika mji ambao wasomaji wetu wanaupenda. Mwaka 1916 mhandisi Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague, alifika Istanbul kufundisha katika chuo cha uhandisi cha dola ya Uthmaniya, na baadaye akahamia chuo kingine palepale mjini. Maabara hakuwa nayo. Akaunda vyombo vyake kwa vitu vya kawaida alivyovipata, akaanza kuuminya udongo na kuutazama. Kutokana na subira hiyo alieleza kwa hesabu jinsi maji yanavyoondoka ndani ya mfinyanzi, na mwaka 1925 akachapisha kitabu ambacho wahandisi wa misingi wanakihesabu kuwa chanzo cha elimu yao.

Kipimo chenyewe hadi leo ni chepesi kukieleza. Kipande cha mfinyanzi, kilichotolewa ardhini bila kuvurugwa, hutiwa ndani ya pete ya chuma, katikati ya mawe mawili yanayopitisha maji. Huwekewa uzito, na saa husoma kinavyopungua unene kwa siku nzima. Kesho yake uzito huongezwa maradufu, na kadhalika. Mwishoni hujulikana mambo mawili: udongo utashuka kiasi gani, na kwa muda gani.

Kiwanja chetu

Tuliporudi tulimtafuta binti aliyesoma katika madrasa yetu hiyohiyo na ambaye sasa ni mhandisi. Alikuja bila malipo, akiwa na vijana wawili na keekee ya mkono. Walitoboa mashimo matatu. Juu kulikuwa na mita 2 za kifusi chetu, chenye matofali, mifuko ya plastiki na vipande vya zege. Chini yake, upande wa kaskazini, palikuwa na mita moja tu ya tope kabla ya mchanga mgumu. Upande wa kusini, penye ufa, tope jeusi lenye mizizi ya mikoko lilikuwa la mita 3. Mkondo wa zamani ulipita hapo. Chumba chetu cha darasa kilikuwa na mguu mmoja ufukweni na mwingine mtoni.

Alitueleza mbele ya kamati kwamba njia zipo tatu: kupeleka nguzo hadi kwenye mchanga mgumu, jambo ambalo fedha yetu haikutosha, kuondoa kifusi na tope lote, jambo ambalo bahari isingeliruhusu, au kuilazimisha ardhi ishuke kabla ya jengo, kwa kuipandishia uzito mkubwa kuliko wa jengo, kuusubiri, kisha kuuondoa.

"Tutasubiri muda gani, mwanangu?" Maalim aliuliza.

"Ardhi itatuambia yenyewe, Maalim. Tuipime."

Tulichagua njia ya tatu. Tuliubomoa ule mkono wa ukuta uliopasuka, tukamwaga rundo la mchanga, na chini yake tukaweka mabamba ya chuma yenye fimbo ndefu zinazochomoza juu. Kila mwezi, Ijumaa ya kwanza baada ya Alasiri, hulinganishwa urefu wa fimbo hizo na alama iliyo kwenye msikiti, ambao umejengwa juu ya mwamba. Upande wa kaskazini hadi sasa umeshuka milimita 40 na karibu umetulia. Upande wa kusini ulishuka milimita 60 mwezi wa kwanza, 42 mwezi wa pili, 29 mwezi wa tatu na 21 mwezi wa nne.

Mhandisi wetu alizichukua namba hizo akatuonyesha njia ya mtaalamu wa Kijapani, Asaoka, aliyoitangaza mwaka 1978. Kila mwezi ardhi imeshuka kwa takriban asilimia 70 ya mwezi uliotangulia. Mwendo huo ukiendelea, jumla itakomea karibu na milimita 200. Tumekwisha kupata 152. Miezi minne mingine ikipita, zitakuwa zimebaki chini ya milimita 15, na ndipo rundo litakapoweza kuondolewa.

Ramadhani ilifika kabla ya hapo. Mfadhili alituandikia barua ya heshima kwamba fedha zake ameelekeza mahali pengine palipo tayari. Hatumlaumu, alikuwa na sharti, nasi hatukulitimiza. Baadhi ya vijana wa kamati wangali na hasira, na mmoja amejiuzulu. Katika kikao cha mwisho waliuliza nani atawajibu wazazi ambao watoto wao wananyeshewa barazani kwa sababu ya namba za milimita. Swali hilo ni la haki. Tumeezeka turubai, nalo linavuja upande mmoja.

Kwa wasomaji walio na kiwanja cha wakfu, cha shule au cha nyumba juu ya ardhi iliyojazwa, tunawausia kama waliokwisha kukosea. Waulizeni wazee palikuwa na nini kabla ya kifusi. Toboeni zaidi ya shimo moja, kwa maana tope halina unene sawa. Mkiona ufa, wekeni alama na tarehe kwenye ncha zake kabla ya kuuziba lipu, kwani ufa uliozibwa hauwezi tena kuwaambia kama unakua. Na mwenye kuwahakikishia kwamba kifusi kimekaa, mwombeni awaonyeshe vipimo.

Ijumaa iliyopita tulipima mwezi wa tano. Maalim alikuwa ndiye aliyeshika rula, na watoto walimzunguka wakingoja aitaje namba. Ilikuwa 14. Yule binti wa Juzuu Amma, ambaye sasa yuko juzuu ya pili, aliiandika katika daftari la madrasa chini ya zile nne za mwanzo, kwa penseli, kisha akaulizia lini rundo litaondoka, maana wamekatazwa kulipanda.

Wabillahi tawfiq.